Kutoka Daftari la Karani hadi Wingu: Kazi ya Pamoja Mbinga na Ufukwe wa Nyasa

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliingia katika ghuba ya Liuli kwenye Ziwa Nyasa, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaipiga kwa mzinga meli yao iitwayo Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Uingereza ilikuwa imetangaza vita siku tisa nyuma, lakini nahodha Mjerumani, Berndt, hakuwa na habari. Inasimuliwa kwamba alipiga makasia hadi kwa nahodha Rhoades, rafiki yake wa siku nyingi, akamwuliza kwa hasira kama amelewa. Rhoades alikwisha kupata amri kutoka kwa wakubwa wake; Berndt alichukuliwa mateka.

Vita viliisha, lakini umbali uliomchelewesha Berndt kupata habari ulibaki. Kahawa hulimwa juu katika milima ya Umatengo, ofisi ziko Mbinga mjini, bandari iko Mbamba Bay, na mnada kwa miaka mingi ulikuwa Moshi. Chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936, kilifanya kazi kwa karatasi: karani alipima mzigo, akaandika stakabadhi, na hesabu ikapanda ngazi hadi makao makuu. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole, lakini ulitosha, kwa sababu mnunuzi alikuwa mmoja na daftari lilikuwa moja.

Serikali ilifuta vyama vikuu mwaka 1976, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Mbinga ikapata chama kikuu chake, MBICU, ambacho kiliwakopesha wakulima mbolea na dawa, kisha kikakata deni kwenye malipo ya kahawa. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, wanunuzi binafsi walifika vijijini na fedha taslimu, deni likakosa mahali pa kukatwa, na chama kikaanguka. Wapo wanaolaumu soko huria, na wapo wanaolaumu uongozi. Naona hoja zote mbili zina uzito. Lakini tusiitwishe karatasi mzigo usio wake: hata kama daftari lile lingeonekana na kila mtu, mnunuzi binafsi asingelazimika kulipa deni la mkulima kwa chama.

Baadaye, mbali na Mbinga, njia nyingine ya kutunza daftari ilipatikana. Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha nafasi kwenye kompyuta zake, na Google ikawawezesha watu kadhaa kuandika waraka mmoja kwa pamoja kupitia intaneti. Huduma hizi ndizo tunazoziita wingu. Kwetu zingekuwa hadithi tu, kama waya wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, usingefika Dar es Salaam mwaka 2009 na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano usingeanza kuelekea mikoani.

Hapo ndipo biashara ya Mbinga inapopata sababu ya kutumia wingu. Karani akiingiza kilo kwa simu mlimani, mhasibu mjini huona jedwali lilelile, na dereva huona mzigo unaomsubiri. Mtandao ukikatika, programu nyingi zinaweza kuhifadhi kazi kwenye simu na kuipeleka ukirudi. Kila mtu akitumia akaunti yake, badiliko hubaki na jina la aliyelifanya, jambo ambalo daftari la wino halikuweza kulihakikisha. Kompyuta ya ofisi ikiibwa au ikiungua, nakala ipo kwingine, na malipo ni ya mwezi badala ya mtaji mkubwa wa kununua mitambo.

Wanaosita nao wana hoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu chini ya bahari, na intaneti ikazorota nchini kote. Aliyekuwa hana nakala nyumbani alisubiri. Ndiyo maana stakabadhi ya karatasi mkononi mwa mkulima bado inastahili kubaki. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kwa hiyo, kabla ya kupandisha orodha yenye majina na namba za simu za wakulima, mwenye biashara anapaswa kumwuliza mtoa huduma kompyuta zake ziko nchi gani.