Rilei ya mkondo zidi: umezidi nini, na kwa muda gani?

Jioni ya Novemba 9, 1965, saa kumi na moja na dakika kumi na sita, rilei moja ya akiba katika kituo cha Sir Adam Beck Na. 2, Ontario, Kanada, ilikata laini ya msongo wa kilovolti 230. Laini yenyewe ilikuwa nzima. Rilei ilipangwa mwaka 1963 ikate mzigo ukifika megawati 375, na tangu hapo mahitaji ya umeme yalikuwa yakipanda bila mtu kuugusa mpango huo. Mzigo uliokosa njia ukazielemea laini nne zilizobaki, nazo zikakatika ndani ya sekunde tatu. Watu wapatao milioni 30, Ontario na kaskazini-mashariki mwa Marekani, walibaki gizani, baadhi yao kwa saa 13.

Rilei ile haikuwa ya mkondo zidi hasa, ila kisa chake kinaonyesha jina hili linapopwaya. "Zidi" kuliko nini? Rilei haijui waya unaweza kubeba kiasi gani. Inalinganisha mkondo na namba iliyoandikiwa, kisha inaamua kama itasubiri au itaiamuru breka ifunguke. Kwa hiyo fundi anayesema "mkondo zidi" amesema nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni muda wa kusubiri na namna ya kuhisi.

Tuanze na muda. Chaguo la kwanza Kiswahili kinalo tayari: papo hapo. Mkondo ukivuka kiwango, rilei haisubiri kitu. Hata hivyo papo hapo ya fundi si sifuri, kwani rilei ya kidijitali huhitaji takriban wimbi moja la umeme ili ipime vizuri, na kwenye gridi ya hezi 50 wimbi hilo ni milisekunde 20. Chaguo la pili ni muda maalumu: mkondo uzidi kidogo au uzidi sana, rilei itasubiri, tuseme, nusu sekunde ileile.

La tatu ndilo lenye utamu. Wengine hulitafsiri "muda kinyume", na msomaji mgeni anaweza kudhani saa inarudi nyuma. Afadhali kusema "muda pungufu kwa mkondo", yaani kadiri mkondo unavyokua ndivyo kusubiri kunavyopungua. Fyuzi imekuwa ikifanya hivyo siku zote bila hesabu, kwa joto lake tu.

Rilei inahitaji hesabu. Chukua fida, yaani laini ya kusambazia umeme mtaani, ya kilovolti 11 ambayo rilei yake imepangwa kwenye ampea 400. Kwa mchirizo (mstari wa muda dhidi ya mkondo) wa kawaida wa viwango vya kimataifa vya IEC, kizidishi cha muda kikiwa 1, mkondo wa ampea 800 utasubiriwa sekunde 10 hivi, na shoti ya ampea 4,000 sekunde 3. Mchirizo mkali kupindukia hutanua pengo hilo: karibu sekunde 27 kwa ampea 800, na 0.8 tu kwa ampea 4,000. Huo wa mwisho hupendwa mahali ambapo rilei inapaswa kuelewana na fyuzi. Kizidishi kikishushwa hadi 0.1, nyakati zote hizi hugawanywa kwa kumi.

Kwa nini isubiri kabisa? Kwa sababu shoti ya mtaani huonwa na rilei ya fida na pia ile iliyo nyuma yake, kwenye kituo cha kupozea umeme. Ya nyuma ikiwahi, mji mzima unazimika kwa kosa la mtaa mmoja. Ndiyo maana wahandisi huiacha ichelewe kwa sekunde 0.3 hadi 0.4, breka ya mbele ipate nafasi ya kumaliza kazi. Gharama yake ni kwamba karibu na chanzo, ambako shoti ni kubwa kuliko kote, ndiko kusubiri kunakokuwa kurefu. Papo hapo huziba pengo hilo, mradi ipangwe juu ya mkondo wa kuamsha transfoma, ambao huweza kufika mara 8 hadi 12 ya ule wa kawaida kabla ya kutulia.

Kuhisi nako kuna matawi yake. Rilei moja huchuja wimbi la msingi tu na kupuuza mawimbi machafu. Nyingine hupima thamani ya joto ya mkondo wote, na hiyo ndiyo inayofaa kwenye benki za kapasita, ambako uchafu huo huunguza kweli. Halafu kuna waya uliokatika ukaangukia mchanga mkavu. Mkondo wake unaweza kuwa chini ya mzigo wa kila siku, na rilei ya fezi haitastuka. Hapo hujumlishwa mikondo ya fezi tatu. Mambo yakiwa sawa jumla ni sifuri; yasipokuwa sawa, kinachobaki ndicho kinachokwenda ardhini. Jumla hiyo hupatikana kwa transfoma tatu za mkondo, au kwa usahihi zaidi kwa pete moja inayozunguka kebo nzima. Kosa la kawaida ni kusahau kuurudisha waya wa ethi wa ala ya kebo ndani ya pete. Pete hiyo haitaona kitu.

Linabaki jambo dogo ambalo vitabu hulipitia haraka: kurejea. Rilei za kale zilikuwa na kisahani kinachozunguka, na mkondo ukishuka kisahani hurudi polepole, kwa sekunde kadhaa. Tawi likigusa waya, likaachia, likagusa tena kwa upepo, kisahani huanzia kilipofikia. Rilei ya kidijitali iliyopangwa kurejea papo hapo husahau kila mguso na huenda isikate kamwe. Kwa hiyo inapofungwa kwenye laini yenye rilei za kisahani, hupangwa iige uzito wa chuma ambacho haina.