Mlima Rungwe Juu ya Meza

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian, ambao kanisa lao lilikuwa na makao yake Herrnhut katika jimbo la Saxony, Ujerumani, walianzisha kituo chao Rungwe. Mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya biashara mjini Leipzig, Saxony hiyohiyo, kampuni ya Märklin ilionyesha treni za kuchezea zenye reli za kuunganishwa kipande kwa kipande, kila upana ukiwa na namba yake. Kabla ya hapo mafundi wengi walifuata vipimo vyao wenyewe, na behewa la huyu halikupita kwenye reli za yule.

Bagamoyo, kata ya mjini Tukuyu chini ya Mlima Rungwe (si ile ya Pwani), haijawahi kufikiwa na reli. Anayetaka treni hupanda gari hadi Mbeya, kwenye stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Hata hivyo jina la mlima wao lilisafiri sana relini. Mwaka 1955 na 1956 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokea injini 34 za mvuke za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester, na zikapewa majina ya milima. Namba 5916 iliitwa Mount Rungwe. 5920, Mount Mbeya. Zilikuwa injini za mvuke kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa meta moja: tani zaidi ya 250, urefu zaidi ya meta 31, bwela likining'inia katikati ya seti mbili za magurudumu ili dude zima liweze kukunja kona. Kazi yao kubwa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Mount Rungwe haikuwahi kuuona Mlima Rungwe.

Kwa mpenzi wa treni za mfano, injini hiyo ni mtihani mzuri wa skeli. Katika H0, yaani 1:87, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi duniani, inakuwa na sentimita 36. Katika N, 1:160, inashuka hadi 20. Katika Z, 1:220, ambayo Märklin iliitoa mwaka 1972, inabaki sentimita 14 na inalala kiganjani. Mlima wenyewe, wenye meta zipatazo 2,960, hautii amri hiyo: hata kwa 1:220 ungekuwa na zaidi ya meta 13, juu kuliko dari ya nyumba yoyote Tukuyu. Ndiyo maana wajenzi wa mandhari huipunguza milima zaidi kuliko treni, bila huruma.

Lakini urefu wa injini si tatizo kubwa. Tatizo ni reli. Skeli maarufu zilitungwa Ulaya na Marekani, ambako reli nyingi zina upana wa milimita 1,435. Reli ya H0 ina milimita 16.5, zidisha kwa 87 utapata takribani 1,435. Kwa hiyo anayetaka kuunda SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, yenye upana huohuo na iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, anakuta reli zake zimeshatengenezwa tangu zamani. Akiiweka Mount Rungwe ya 1:87 kwenye reli hizohizo, itaonekana imetanua miguu vibaya.

Reli ya kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa meta moja. Dawa yake ni reli ya milimita 12 kwa miili ya 1:87, au kwenda kwenye treni kubwa za bustanini za LGB, zilizoingia sokoni mwaka 1968: milimita 45 kwa 1:22.5 inakaribia meta moja. Ila kwa skeli hiyo Mount Rungwe inakuwa na meta 1.4, na kona zake zinataka kiwanja, si meza.

TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, ina milimita 1,067. Wajapani, ambao reli zao nyingi zina upana huo, wameamua kuishi na uongo mdogo: mwili wa 1:150 kwenye reli ya milimita 9, ambayo ni pana mno. Wapenzi wa New Zealand, wenye reli kama hiyo pia, wana jibu bora: 1:64 juu ya reli ya kawaida ya H0. Kwa skeli hiyo nguzo za daraja la Mto Mpanga, zenye meta 50 hivi, zinafika sentimita 78, kimo cha meza ya chakula.

Kwa Kidatu hesabu inachekesha. Hapo reli ya meta moja inakutana na TAZARA, na tangu mwaka 1998 mizigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa kwa sababu ya milimita 67. Kwa 1:87 tofauti hiyo haifiki hata milimita moja, na mjenzi mvivu angeweza kupitisha treni moja kwa moja pasipo mtu kugundua. Mwaminifu ataweka reli mbili na kreni.

Wanaotaka kuiunda Mount Rungwe kwa vipimo vya kweli waende Makumbusho ya Reli Nairobi. Kati ya ndugu 34 wamehifadhiwa wawili tu, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na futi ya kupimia inatosha: magurudumu na bati vilitoka kiwanda kimoja, kwa michoro ileile.