Ndege na Fundi Wake

Zamani huku Mpanda masika yalipoharibu barabara, tegemeo letu lilikuwa reli ya kutoka Kaliua. Aliyeishi nchi ya namna hii haulizi kwa nini jeshi changa la Tanzania lilihitaji ndege za mizigo.

Mwanzoni mafunzo ya kikosi cha anga yalikuwa mikononi mwa Ujerumani Magharibi. Mwaka 1965 Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Bonn ikachukizwa, ikawaondoa wakufunzi wake ghafla. Mwalimu Nyerere hakukubali kuchaguliwa marafiki. Akakataa na misaada mingine ya serikali hiyo. Ndipo wakaja Wakanada, na ndege zao za Otter na Caribou, wakafundisha hadi 1970.

Caribou ilizifaa nchi kama yetu. Iliweza kutua kwenye kiwanja kifupi cha udongo ikiwa na askari 32. Lakini ilikuwa na injini mbili, kila injini silinda 14, kila silinda plagi mbili. Piga hesabu, msomaji: plagi 56 za kukaguliwa na watu ambao hakuna anayewapigia makofi. Rubani huonekana na kijiji kizima. Fundi huonekana siku ndege isiporuka.

Mkasa wa 1965 unatuachia somo. Ndege hupokelewa kwa siku moja, fundi hulelewa kwa miaka. Taifa linalongoja mgeni aje kufungua injini yake, limempa mgeni huyo kura katika siasa yake.