Njia ya Kasindi: Jinsi Kiingereza cha Sokoni Kilivyofika Butembo na Beni

Katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, darasa lilifundisha Kifaransa na soko likafundisha Kiingereza. Na ingawa waandishi wa tarehe aghalabu hushughulika na darasa, maadamu darasa huacha madaftari na vyeti, mimi naona kwamba habari ya soko ina uzito zaidi, na kwamba wafanyabiashara walioieneza lugha hiyo wamedhulumiwa kwa kutohesabiwa miongoni mwa waalimu.

Asili yake ni chumvi. Kabla Wabelgiji na Waingereza hawajakata mpaka wao kwa mkataba wa mwaka 1910, Wanande, wenyeji wa nchi hii, walikuwa wakivuka Ziwa Edward kwa mitumbwi kwenda Katwe, katika Uganda ya leo, kutafuta chumvi, na kule ng'ambo hawakuwa wageni, kwa kuwa Wakonzo wa miteremko ya Ruwenzori ni ndugu zao kwa nasaba na kwa lugha. Mpaka ulipowekwa, ndugu mmoja alijikuta chini ya dola ya Kibelgiji na mwenziwe chini ya dola ya Kiingereza, lakini undugu haukukatika wala tijara haikukoma, na ndiyo sababu mlango wa mashariki haukupata kufungika kabisa hata katika nyakati zilizokuwa ngumu.

Butembo ilianza kuwa mji katika miaka ya 1920, wakati kampuni ya madini ya MGL ilipojenga hapo, na mwaka 1929 mapadri wa Assomption wakafika katika nchi ya Wanande, na baada yao shule. Karani akasoma Kifaransa, dereva akaitwa shofere, na gari lake la mizigo likaitwa kamiyo. Wamarekani nao walikuwapo: huko Oicha, kaskazini ya Beni, tabibu Carl Becker aliwatibu watu tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1964, ila wamisionari hao walihubiri kwa Kingwana, Kiswahili cha kwetu Kongo, na Kiingereza chao kikabaki majumbani mwao. Mpira wa miguu ulikuwa na njia yake peke yake, maana penalti na kona, ijapokuwa tulizipokea kwa Wabelgiji tukazidhani ni Kifaransa, Wafaransa wenyewe walikuwa wamezitwaa kwa Waingereza. Hata timu ya Butembo iitwayo Nyuki, yenye jina la Kiswahili safi, inacheza kwa maneno ya taifa ambalo halikutawala hapo asilani.

Lakini mambo makubwa yalitokea barabarani. Katika miaka ya 1970 kamiyo za Wanande zilikuwa zikipeleka maharagwe, viazi na kabichi hadi Kisangani, upande wa magharibi. Na serikali ya Mobutu ilipowanyang'anya wageni maduka yao mwaka 1973 na kuwagawia watu wake, na bidhaa zikaadimika, na barabara za ndani zikafa moja baada ya moja, matajiri wa Butembo wakageuza nyuso zao kuelekea Kasindi, mpakani mwa Uganda. Kahawa na dhahabu zilivuka mpaka, aghalabu pasipo idhini ya forodha. Magari, vipuri, vitenge na sabuni vikarudi. Kampala ilifuatwa na Nairobi, Nairobi na Mombasa, kisha wakapanda ndege kwenda Dubai, na baadaye Hong Kong na Guangzhou. Mombasa Kiswahili kiliwatosha, na Dubai pia walikuta watu waliotoka Unguja wa kuzungumza nao. Hata hivyo ankara, stakabadhi na maandishi ya makasha yalikuwa kwa Kiingereza, na mtu aliyekwisha kuweka akiba yake yote, pamoja na mali kauli aliyoaminiwa na jamaa zake, ndani ya kontena moja, hana budi kujua kwa yakini kilichoandikwa juu yake. Oda, sampuli, diskaunti, dazeni: haya yalisomwa kwa hofu ya hasara, na sijui mwalimu mkali kuliko hiyo.

Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998, serikali ya Kinshasa ikiwa mbali na majeshi ya Uganda yakiwa mjini, biashara haikusimama; matajiri wachache, ambao watu waliwaita G8, waliwalipa wenye silaha ushuru kabla ya shehena kufika, nao wakapata nafuu ya kodi. Habari za mizigo zilipitishwa kwa foni, ile redio ya upepo iliyosikilizwa na kila mwenye sikio, mpaka simu za mkononi zilipoenea, zikaja na msamiati wao uliochanganyika: inite kwa Kifaransa, chaja na betri kwa Kiingereza, na kitenzi kubipu, ambacho kila kijana anakitumia bila kuuliza nasaba yake.

Tarehe 29 Machi 2022 Kongo ilikubaliwa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na maofisa wakalinena jambo hilo kama mwanzo mpya. Kwa watu wa Kasindi lilikuwa ni hati ya ndoa iliyoandikwa baada ya wajukuu kuzaliwa. Tangu mwaka 2014 mauaji katika wilaya ya Beni yameifanya barabara ya Kasindi kuwa ya hatari, na madereva wengi wamepoteza roho zao juu yake. Hata hivyo wazazi ambao Kiingereza chao chote walikipata juu ya makasha wanaendelea kuipitisha humo ada ya shule za Uganda, ili watoto wao wakisome kwa sarufi.