Kambi ya Mtawanyo: Istilahi Inayopimwa na Maji

Katika misitu ya taifa ya Marekani, na katika ardhi ya umma iliyo chini ya idara iitwayo Bureau of Land Management, kuna namna ya kupiga kambi ambayo Kiingereza cha ofisi huiita "primitive dispersed camping". Anayepiga kambi hivi haendi kwenye kiwanja chenye namba, meza, choo na bomba. Huingia msituni, akatafuta mahali panapofaa, akasimika hema. Hakuna anayemzolea taka wala anayempimia maji safi. Kwa kawaida halipi ada, na mara nyingi haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Eneo linalohusika si dogo: misitu ya taifa ina hekta zipatazo milioni 78, na ardhi ya idara ile nyingine inakaribia milioni 99, ingawa si kila sehemu imeruhusiwa. Mfasiri anapotakiwa kuliweka tangazo la aina hii katika Kiswahili, tuseme kwa ajili ya familia za Wakongo waliohamia Idaho, Utah au Colorado, maneno yanayomjia haraka ni "kambi ya porini", "kambi huru" au "kambi ya asili". Nashikilia kwamba yote matatu yamekosa shabaha kwa sababu moja. Yanataja anavyojisikia mpiga kambi, ilhali istilahi yenyewe inataja mzigo wake juu ya ardhi na namna mzigo huo unavyogawanywa. Ninapendekeza tuseme kambi ya mtawanyo, na pale panapohitajika usahihi zaidi, kambi ya mtawanyo isiyo na huduma.

Sifa mbili zilizomo katika jina la Kiingereza huchanganywa kana kwamba ni moja, na heri zitenganishwe mapema. Ile ya kwanza, "primitive", isimvute mfasiri kwenye neno "kijima". Ujima katika Kiswahili cha vitabu vya historia ni mfumo wa maisha ya jamii za kale, na kuiita kambi ya kijima ni kuwapeleka wasomaji mahali ambapo waandishi wa kanuni hawakukusudia. Ni kweli kwamba Idara ya Misitu ya Marekani ilitumia neno hilo tangu 1929, ilipotunga kanuni za kutenga maeneo yatakayobaki bila barabara na majengo, na ladha ya ukale haikukosekana. Lakini katika matangazo ya kambi ya leo maana yake imenyooka: hakuna huduma. Basi tuseme hivyo. Sifa ya pili ndiyo ngumu, na ushahidi kwamba ni tofauti na ya kwanza uko hapa kwetu. Hifadhi za taifa za Tanzania zina kambi maalumu ambazo hazina choo wala maji wala kibanda. Mgeni hufika na kila kitu chake. Hizo hazina huduma kabisa, ila si za mtawanyo, kwa kuwa kila moja imepangwa mahali pake, ikaandikwa kitabuni, na mgeni haruhusiwi kulala nje ya hapo. Kaskazini mwa Minnesota kuna mfano mwingine, nchi ya maziwa iitwayo Boundary Waters, ndani ya msitu wa taifa wa Superior. Ina maziwa zaidi ya 1,000, magari hayaingii, watu husafiri kwa mitumbwi, na kundi moja halizidi watu 9. Ukimwuliza mtu yeyote atakwambia kuwa hilo ni pori halisi. Hata hivyo wageni hulala mahali palipowekwa wavu wa chuma wa kuotea moto na choo cha shimo nyuma yake, na mahali hapo ni kama 2,000 kwa jumla. Pori lipo, mtawanyo haupo. Mfasiri aliyeandika "kambi ya porini" hana tena neno la kutofautisha Boundary Waters na sehemu za msitu huohuo wa Superior zilizo nje ya mipaka yake, ambako kanuni ni nyingine. Na kwetu hali ni mbaya zaidi, maana "kambi ya porini" katika biashara ya utalii inaweza kuwa hoteli ya mahema yenye vitanda vya mninga na maji ya moto.

Maana ya "dispersed" huonekana vizuri ikiwekwa karibu na pacha wake. Wasimamizi wa misitu hugawa shughuli zote za burudani katika mafungu mawili: zile zinazofanyika mahali palipojengwa kwa ajili hiyo, na zile zinazoenea nje ya hapo. Uvuvi, uwindaji, kuchuma matunda ya mwituni, kutembea, kulala, vyote vikifanyika nje ya viwanja huhesabiwa fungu la pili. Kwa hiyo neno hili ni la mpangaji ardhi. Linajibu swali moja: watu wako wapi, wamekusanywa au wameenea? Kwa sababu hiyo napenda Kiswahili nacho kiwe na jozi: kambi ya kiwanja na kambi ya mtawanyo. "Kambi huru" haiwezi kuingia katika jozi hiyo, kwani itabidi pacha wake awe kambi ya kifungo. Tena inadanganya. Mpiga kambi wa mtawanyo ana masharti mengi kuliko aliyelipia kiwanja, kwa kuwa kazi zote ambazo kiwanja kingemfanyia sasa ni zake: choo, taka, moto, maji machafu.

Hoja hii ingebaki ya vitabuni lau si maji. Mbali na maji watu huenea wenyewe, kwa kuwa msitu ni mpana na kila kundi hupenda faragha yake. Kando ya ziwa mambo hugeuka. Wote wanataka palepale: ubapa wa ardhi juu kidogo ya ufuko, miti miwili ya kufungia kamba, upepo wa kufukuza mbu, maji ya kuteka bila kutembea. Patazame mahali kama hapo baada ya misimu michache. Majani yamekwisha kuanzia ukingoni hadi nyuma ya hema, mizizi ya misonobari imetoka nje na kung'aa kwa kukanyagwa, duara la mawe meusi limejaa jivu na vipande vya karatasi ya bati, na vigogo vina makovu ya shoka. Kinjia kimoja kinashuka majini, nacho ndicho mfereji wa mvua. Udongo uliokanyagwa hupoteza vitundu vyake vya hewa. Mvua ikinyesha maji hayazami, huteleza juu yake kama juu ya sakafu ya saruji, yakabeba matope na jivu hadi ziwani pamoja na fosforasi inayolisha mwani. Kinyesi kilichofukiwa karibu mno hufuata njia hiyohiyo, na hapo ndipo vijidudu vya giardia vinapomfikia anayeteka maji. Kwa sababu hizi wapiga kambi huelekezwa kukaa mita 60 kutoka majini, yaani hatua ndefu 70 hivi, na kuchimba kishimo cha sentimita 15 hadi 20 kwa umbali huohuo. Wanyama nao wamo katika hesabu. Arizona, ambako maji ni machache, sheria inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili, yaani mita 400, kutoka kwenye kisima cha asili au birika, ikiwa kambi hiyo itawazuia wanyama wa porini au mifugo kufika kwenye maji pekee wanayoweza kuyapata.

Kuna matokeo ya utafiti ambayo kwa macho ya haraka yanaiangusha hoja yangu, nayo yanatoka katika maziwa yaleyale ya mpaka wa Minnesota na Kanada. Mwaka 1965 Sidney Frissell na Donald Duncan walichapisha uchunguzi wao wa sehemu za kambi katika nchi ya Quetico-Superior. Walikuta kwamba hata sehemu zilizotumiwa kidogo tu kwa msimu zilikuwa zimepoteza kiasi kikubwa cha mimea ya ardhini. Watafiti waliofuata, David Cole akiwa mstari wa mbele, walithibitisha umbo hilo mahali pengi: uharibifu hupanda kwa kasi katika siku chache za mwanzo, kisha hupungua kasi, hivi kwamba usiku wa mia hauongezi madhara kama ulivyoongeza usiku wa tano. Ikiwa ndivyo, kuwatawanya watu ni kuzidisha vipara vya ardhi. Na kweli, wasimamizi wa misitu husihi watu watumie mahali palipokwisha kutumiwa, wasifungue papya. Msomaji makini atauliza: mtawanyo gani huu ambao watu wanaagizwa wasitawanyike?

Jibu liko katika kutofautisha mizani mbili, na kwa bahati Kiswahili kina umbo la kufanya hivyo. Mtawanyiko unatokana na kutawanyika, jambo linalojitokea lenyewe: mkutano umekwisha, kila mtu akashika njia yake. Mtawanyo unatokana na kutawanya, kitenzi chenye mtendaji na makusudi. Najua waandishi wengi hutumia moja badala ya lingine bila kujali, lakini istilahi ina haki ya kukaza kile ambacho mazungumzo yamekilegeza. Kinachoenezwa kwa makusudi katika kambi ya mtawanyo ni makundi ya watu juu ya msitu mzima. Ndani ya kila mahali palipochaguliwa, nyayo hubaki kwenye udongo uliokwisha kukanyagwa. Ni pale tu pasipowahi kulala mtu ndipo agizo hugeuka, na watu wakatakiwa kuachanisha mahema, kubadilisha njia ya kwenda majini kila mara na kuhama mapema kabla majani hayajafa. Mafunzo ya Leave No Trace, ambayo kituo chake kilianzishwa 1994 na kiko Boulder, Colorado, yanafundisha pande zote mbili: kusanya nyayo mahali panapopendwa sana, zieneze mahali pabichi. Neno "mtawanyo" hubeba yote mawili kwa sababu linataja mgawanyo uliofikiriwa. "Kambi ya asili" haibebi lolote kati ya hayo.

Pingamizi lingine ni la harufu ya neno. Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba polisi wamewatawanya waandamanaji. Tena, kwa Mtanzania aliyekua wakati wa vijiji vya ujamaa, kuishi kwa kutawanyika kulikuwa tatizo lililotakiwa kuondolewa. Mwalimu Nyerere alikwisha kulisemea mwaka 1962, na operesheni za miaka ya 1970 zikahamisha mamilioni. Sidhani harufu hiyo inatosha kulitupa neno. Wanafunzi wa jiografia husoma kila mwaka juu ya makazi yaliyotawanyika na yaliyokusanyika, wala hawasikii mabomu ya machozi. Zaidi ya hayo, historia ya vijiji inatufafanulia istilahi hii kuliko maelezo mengi ya kitaalamu. Sababu iliyotolewa wakati ule ilikuwa kwamba shule, zahanati na maji ya bomba haviwezi kumfuata kila mtu shambani kwake; huduma hufuata mkusanyiko. Msituni mambo ni hayohayo. Ofisa wa msitu hawezi kusafisha vyoo katika vichaka elfu, ndiyo maana kambi ikiwa ya mtawanyo haiwi na huduma. Kinyume chake si lazima, kama kambi maalumu za hifadhi zetu zinavyoonyesha. Sifa mbili za Kiingereza, zilizoonekana zimewekwa pamoja kwa mazoea tu, zina uhusiano wa sababu na tokeo.

Huenda wa Pwani akauliza kwa nini tuhangaike wakati dago lipo. Dago ni neno zuri mno: wavuvi wanahama na vyombo vyao, wanapiga kambi ufukweni kwa siku au wiki kadhaa wakifuata samaki, kisha wanarudi. Ni kambi ya muda, kando ya maji, isiyo na huduma. Lakini dago ni la kazi, na tabia yake ni kukusanya. Vyombo huegeshwa pamoja, samaki hukaushwa pamoja, na mchuuzi hufuata. Ningelitunza neno hilo kwa maana yake, nisilitumie kwa jambo ambalo kiini chake ni kutokusanyika.

Jaribio kali kuliko yote ni mto Colorado ndani ya Grand Canyon. Huko wasafiri wa mtoni hulala juu ya mchanga ulio karibu kabisa na maji, na hutakiwa wakojolee mtoni, kinyume cha kila kilichosemwa hapo juu. Kinyesi hubebwa chomboni hadi mwisho wa safari, na moto huwashwa ndani ya sinia la chuma. Sababu ni za mahali. Mvua ni haba, mkojo hukaa mchangani ukanuka; mto ni mkubwa; mchanga ulio chini ya kimo cha maji ya juu hausumbuki kwa kukanyagwa, ilhali udongo wa jangwani ulio juu yake huchukua miaka mingi kupona. Fukwe zenyewe zimepungua tangu bwawa la Glen Canyon lianze kuzuia maji na mchanga mwaka 1963, kwa hiyo idadi ya wasafiri hupangwa kwa vibali. Mtu anayefafanua kambi ya mtawanyo kwa mita 60 ataukuta mto huu umemkanusha. Anayeifafanua kwa swali la mzigo unaangukia wapi atauelewa mara moja: palepale ambapo ardhi inaweza kuubeba, kwa idadi ambayo ardhi inaweza kuistahimili. Umbali ni kanuni inayobadilika na mahali, kwa hiyo haufai kuingizwa ndani ya fasili.

Limebaki neno "kambi" lenyewe, na hili linanigusa zaidi ninapomfikiria msomaji wa tangazo. Kwa mtu aliyekaa miaka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma kabla ya kufika Marekani, kambi ni mahali pa kungojea mgao na kadi. "Kambi ya mtawanyo" kwenye ubao wa njia panda inaweza kumshtua kabla hajaisoma hadi mwisho. Nomino hiyo ikae kwenye kamusi na ripoti, ambako pacha wake yupo wa kuifafanua. Kwenye ubao na iandikwe kwa kitenzi, kwani "kupiga kambi" ni tendo la mpita njia: "Unaruhusiwa kupiga kambi kwa mtawanyo, bila huduma, kwa siku zisizozidi 14. Lala mahali palipokwisha kutumiwa, mita 60 kutoka majini. Ondoka na taka zako."