Jini mahaba

Maneno mawili yenye asili ya Kiarabu yamekaa pamoja bila "wa" katikati, kama ilivyo kwa askari kanzu. Jini mahaba ni kiumbe asiyeonekana anayempenda binadamu kwa wivu mkali: humjia ndotoni, huwafukuza wachumba. Makazi yake hasa ni pwani. Usukumani, ambako mizimu ya ukoo huitwa masamva, alikuja kama mgeni, lakini leo utamsikia akitajwa Kahama, Katoro hadi Geita mjini, hasa mwanamke anapokawia kuolewa.

Hapo ndipo neno linaponiuma. Katika kanda hii ya machimbo, mwanamke anachekecha mchanga wa dhahabu mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga huo; ana fedha zake na msimamo wake. Akimkataa mchumba, huambiwa kwamba si yeye aliyekataa, ni jini. Hapana yake inanyang'anywa mdomoni. Tena hii ni kanda ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni. Neno la namna hii si la mchezo.

Filamu zetu zimeshatupa jini wa kike mwenye nguvu. Shumileta ya Mussa Banzi ni mfano. Sasa natamani simulizi ya maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Nyarugusu mkoani Geita, shujaa wake mwanamke binadamu, mkali, anayependwa na majini wawili na mchimbaji mmoja. Majini nao walete posa kama wengine, wasubiri jibu lake.