Mwongozo wa programu ulioko kwenye PDF: namna ya kuuhamishia kwenye tovuti

Mtu aliyekwama katika programu hana nafasi ya kusoma kitabu. Chukulia mweka hazina wa chama cha akina mama kule Kisauni. Simu iko mkononi, wanachama wanamngoja, na mfumo wa hesabu umekataa kupokea malipo ya mwezi. Anabonyeza "Msaada", inashuka faili ya PDF yenye kurasa 120. Herufi ni ndogo kama sisimizi. Akizikuza, mstari unatoka nje ya kioo, inabidi ausukume kulia kisha aurudishe kushoto. Mwishowe anakwenda saiba, anampa kijana wa pale neno lake la siri na kumwambia, "Nifanyie, mwanangu."

Kijana huyo huenda ni mwaminifu. Lakini siri ya chama imeshatoka mkononi mwa aliyekabidhiwa, kwa sababu tu maelezo hayakusomeka. Kwa hivyo wanaotengeneza programu za vyama, maduka, zahanati na madrasa zetu wanafaa kujua kazi hii ya kuhamisha mwongozo inavyofanywa.

Tofauti iko wapi

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Kusudi lake ni ukurasa uonekane vilevile kila mahali, kwenye kompyuta yoyote na kwenye printa. Inachohifadhi hasa ni mahali pa kila herufi katika karatasi. Si lazima ijue aya inaanzia wapi au jedwali lina safu ngapi.

Ukurasa wa tovuti huandikwa kwa HTML, ambayo husema kila kitu ni nini: hiki kichwa, hii aya, hii orodha. Kivinjari ndicho kinachopanga maneno kulingana na upana wa kioo. Kanuni za WCAG 2.1, zilizotolewa na shirika la W3C mwaka 2018, zinataka maandishi yasomeke katika upana wa pikseli 320 bila kusukumwa kushoto na kulia.

Tafuta faili ya asili

Kabla ya kugusa PDF, uliza aliyeiandika: faili ya Word au LibreOffice iko wapi? Ikipatikana, nusu ya kazi imekwisha. Programu ya bure ya Pandoc huigeuza kuwa HTML, na vichwa na orodha hubaki. Pandoc haipokei PDF.

Kama PDF ndiyo iliyobaki, programu ya pdftotext hutoa maandishi yake. Tarajia kasoro: nambari za kurasa huangukia katikati ya sentensi, safu mbili huchanganyika, na majedwali huvunjika. Kasoro moja hufichika. Katika PDF nyingi herufi "fi" huchapwa zikiwa alama moja iliyoungana. Kwa macho neno "ofisi" liko sawa, lakini msomaji akilitafuta halipatikani. Kama kurasa ni picha zilizopigwa kwa skana, tumia Tesseract, inayosoma pia Kiswahili, kisha pitia kila mstari kwa jicho lako.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Orodhesha sura zote, picha zote na majedwali yote kabla ya kuanza, na uandike kando ya kila moja: inabaki, inarekebishwa, au imepitwa na wakati.

Gawa kwa maswali

Kosa kubwa ni kumwaga kurasa zote 120 katika ukurasa mmoja mrefu. Mpe kila swali ukurasa wake, na kichwa kiwe katika maneno ya anayeuliza. "Usimamizi wa vitambulisho vya mtumiaji" hakuna atakayekitafuta. Andika "Nimesahau neno la siri" au "Malipo hayaonekani".

Hatua ziwe katika orodha yenye nambari, kila hatua kitendo kimoja. Vichwa viwekwe kwa alama zake za HTML, kuanzia h1, visiwe maandishi yaliyokolezwa tu. Asiyeona hutumia programu ya kusomewa kioo, kama TalkBack kwenye Android au NVDA kwenye Windows, naye huruka kutoka kichwa hadi kichwa. Pasipo vichwa vya kweli, hana pa kushika.

Picha na siri za watu

Kata kila picha ibaki sehemu inayohusika, na upunguze uzito wake, kwani bando ni pesa. Andika maelezo mafupi ya picha kwa ajili ya asiyeiona. Maagizo yenyewe yasikae ndani ya picha peke yake.

Kagua vilevile kilichomo. Picha nyingi za miongozo zilipigwa kwenye mfumo unaotumika, zikabeba majina, nambari za simu na za vitambulisho. Kwenye tovuti zitaonekana na kila mtu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019. Zipige upya kwa taarifa za kubuni.

Viungo na anwani za zamani

"Tazama ukurasa wa 47" haina maana tena, kwa hivyo geuza kila rejeo liwe kiungo. Anwani ya PDF ya zamani usiiache ikafa, kwa maana imeshatumwa katika vikundi vya WhatsApp. Mwenye seva aielekeze kwenye ukurasa mpya kwa agizo la 301. Kila ukurasa uonyeshe tarehe uliyosahihishwa na toleo la programu unaolieleza.

PDF bado ina kazi

Asiye na mtandao na anayetaka kuchapa wanaihitaji. Lakini itolewe kutoka katika maandishi yaleyale ya tovuti. Ukiandika mara mbili, baada ya miezi michache PDF itasema hili na tovuti ile.

Mwisho, jaribu. Chukua simu ya bei nafuu, mpe mtu ambaye hakushiriki kuandika, mwambie atatue tatizo moja, nawe unyamaze. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha.

Hesabu za chama ni amana, na aliyepewa amana anatakiwa ailinde mwenyewe. Mtengenezaji wa programu anaweza kumsaidia mama yule wa Kisauni kwa jambo dogo: jibu linalofunguka kwenye simu yake, akalisoma, akamaliza kazi yake bila kumtajia mtu neno la siri.